Spika nne, wimbo mmoja: kwa nini zinapishana, na mfanye nini usiku wa hina

Swali: Tuna usiku wa hina ya mdogo wangu hapa nyumbani Tanga. Utafanyika uani, penye ukubwa wa kama mita 25 kwa 15, na wageni watafika 80. Nimekusanya spika nne: JBL Flip 5 mbili, JBL Charge 4 ya shemeji, na moja isiyo na jina kubwa, ile yenye redio na pa kuchomeka flashi. Simu yangu ni Samsung. Nikiunga Flip moja na Charge, zote zinaimba lakini wimbo unapishana, na ya tatu inagoma kabisa. Kaka yetu anataka kununua Flip 7 mpya tuongeze nguvu. Kuna njia ya kuzifanya zote ziimbe pamoja?

Jibu: Dada, hongereni kwa shughuli. Nianze na lile usilotaka kulisikia: spika hizo nne haziwezi kuimba pamoja kwa Bluetooth, na hakuna programu ya kupakua itakayozilazimisha. Ila ukiacha kuzilazimisha zote zipite njia moja ya hewani, zote nne zitafanya kazi usiku huo, na hakuna mgeni atakayesikia wimbo ukipishana. Flip 7 isinunuliwe kwa ajili ya shughuli hii. Sababu nitaitaja mbele.

Kwanza uelewe kwa nini zinapishana. Utaratibu unaopeleka muziki kwa Bluetooth, unaoitwa A2DP, ulitolewa mwaka 2003 ukimfikiria mtu mmoja mwenye kifaa kimoja cha kusikilizia. Simu huubana muziki, huukata vipande na kuvirusha hewani. Spika hupokea vipande hivyo, huweka akiba kidogo ili wimbo usikatike mtandao ukiyumba, huvifungua, ndipo sauti hutoka. Yote hayo huchukua muda, mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 250 (milisekunde moja ni sehemu ya elfu ya sekunde). Na kila aina ya spika ina akiba yake: hii inasubiri kidogo, ile inasubiri zaidi. Samsung yako inaweza kurusha kwa spika mbili kwa mpigo, ndiyo maana umefanikiwa kuziwasha mbili, lakini hakuna anayeziambia zianze kutoa sauti kwa wakati mmoja. Ya tatu inagoma kwa sababu simu haikutengenezwa kurusha kwa tatu.

Tofauti ya milisekunde 200 inaonekana ndogo mpaka uipime kwa mwendo wa sauti. Kwa joto la Tanga, sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Kwa hiyo spika inayochelewa milisekunde 200 inasikika kama imewekwa mita 70 kutoka ulipo, yaani nyingine iko miguuni pako na hii iko ng'ambo ya pili ya uwanja wa mpira. Mjerumani Helmut Haas alilichunguza jambo hili mwaka 1949: sauti ile ile ikilifikia sikio mara mbili ndani ya takriban milisekunde 30 hadi 40, ubongo huzichukua kama moja. Ikizidi hapo, tunasikia mwangwi. Na muziki wa ngoma na makofi hausamehi kama wimbo wa taratibu, kwa sababu kila pigo linasikika mara mbili, "pa-pa", na wachezaji hawajui wafuate lipi. Kwa hiyo spika zenu ni nzima na simu haina kosa.

Watengenezaji waliona tatizo hili na kila mmoja akalitatua kivyake. Simu inarusha kwa spika moja tu, spika hiyo inawapasia wenzake, na zote zinasubiriana kabla ya kuimba. JBL wanayo yao, Sony wanayo, Ultimate Ears wanayo, Soundcore wanayo, na hawasikilizani. Tena hata ndani ya JBL kuna vizazi kadhaa visivyoongea. Charge 4 ya shemeji ni ya Connect+, pamoja na Flip 4 na Xtreme 2. Flip 5 zako ni za PartyBoost, pamoja na Flip 6, Charge 5 na Xtreme 3. Flip 7 anayoitaka kaka ni ya Auracast, pamoja na Charge 6, Go 4, Clip 5 na Xtreme 4. Jina kwenye ubavu ni lile lile, rangi zinafanana, lakini Flip 7 ikifika hapo nyumbani haitaungana na hata moja ya mlizonazo. Mtakuwa na spika tano za makundi manne, na hela imekwenda.

Sasa, mfanye nini. Njia ni mbili, na uamuzi unategemea mtakachopata cha kuazima wiki hii.

Njia ya kwanza ni kujenga juu ya Flip 5 mbili. Unga simu na Flip moja tu, na uzime ile hali ya simu kurusha kwa spika mbili. Anzisha wimbo. Bonyeza kitufe cha PartyBoost, chenye alama kama namba nane iliyolala, kwenye Flip ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Zitatoa mlio wa kukubaliana na zitaimba pamoja bila kupishana. Kabla ya hapo pakua programu ya JBL Portable na uone kama mojawapo inadai kusasishwa. Zisasishe zote mbili, maana moja ikiwa nyuma zinaweza kusumbuana. Humo kwenye programu utaona pa kuchagua stereo, yaani moja iwe kushoto na nyingine kulia. Usichague hiyo. Stereo ni ya mtu aliyekaa katikati ya spika mbili chumbani. Uani, aliyekaa upande wa kushoto atasikia fidla na aliyekaa kulia atasikia kanuni, ile ala ya nyuzi, na hakuna atakayeusikia wimbo mzima. Ziache zote ziimbe kitu kile kile.

Flip mbili ni wati 20 kila moja. Kwa watu 80 mahali pa wazi, zinatosha wakati watu wanakula na kuzungumza. Wakianza kucheza na vigelegele kupanda, hazitoshi. Kwa hiyo andika kwenye kundi la WhatsApp la familia, piga picha ya kile kitufe cha nane iliyolala, na uliza nani ana spika yenye alama hiyo. Watu wengi hawajui spika yao ni toleo gani, lakini alama wanaiona. Ukipata Charge 5 moja na Flip 6 moja, mtakuwa na nne za familia moja na habari imekwisha.

Njia ya pili ni waya, na nyumbani kwenu mkiwa na sabufa, mimi naichagua hii bila kusita. Charge 4 ina tundu la AUX, pa kuchomeka waya wa sauti. Ile spika isiyo na jina karibu hakika inalo pia, tazama nyuma penye flashi na memori kadi. Sabufa inalo, au ina matundu mawili ya nyekundu na nyeupe, ambayo waya wake unauzwa kila duka la vifaa vya redio. Muziki ukipita kwenye waya hauna safari ya kubanwa na kufunguliwa hewani, kwa hiyo spika za aina tofauti zinaenda pamoja. Tofauti kidogo inaweza kubaki kwa sababu baadhi ya spika huchakata sauti ndani kabla ya kuitoa, lakini kwa kawaida ni ndogo kiasi ambacho ukizitenganisha kwa mita chache hakuna anayeigundua. Flip 5 hazina tundu hilo, basi zenyewe zibaki kwenye njia yao ya hewani, na usizichanganye uani. Zenye waya zitatangulia na Flip zitafuata nyuma kwa mwangwi ule ule mnaoukimbia.

Utahitaji splita, kile kipini kimoja kinachogawanyika kuwa matundu kadhaa. Hapa kuwa macho sana, kwa sababu dukani zinakaa pamoja mbili zinazofanana. Moja ina alama ya hedifoni kwenye kila tundu. Hiyo ndiyo yako. Nyingine ina alama ya hedifoni tundu moja na alama ya maiki tundu la pili. Hiyo ni ya kuunganisha maiki na kompyuta, na ukiichukua spika moja itaimba na nyingine itakaa kimya, na mtahangaika saa nzima mkidhani imeharibika. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, ongeza kile kipande cha kubadilisha kutoka tundu la chaji, au tumia simu ya mwenzako yenye tundu, mradi nyimbo ziwe humo.

Spika za kuunga hivi zikiwa tatu simu haiumii, kwa sababu tundu la AUX la spika halinyonyi nguvu. Kinachopiga ni amplifaya iliyomo ndani ya kila spika. Panda sauti ya simu mpaka karibu na mwisho, halafu kila spika irekebishwe yenyewe. Waya wa mita 10 unafaa. Upitishe ukutani, mbali na waya za umeme, na pale panapovukwa na watu ubandike chini kwa gundi ya karatasi pana, maana kina mama watakuwa na madera marefu na sinia mikononi. Ukisikia mvumo wa "mmm" usiokoma, chomoa chaja ya simu kwanza. Mara nyingi mvumo unaingia hapo, simu ikichajiwa huku imeungwa na sabufa iliyochomekwa kwenye umeme. Kwa hiyo simu ijazwe chaji mapema. Faida nyingine ya mpango huu: umeme ukikatika sabufa inanyamaza, lakini Charge 4 na mwenzake zinaendelea na wimbo ule ule, na sherehe haisimami.

Kwa hiyo mgawanyo wangu, kama sabufa ipo, ni huu. Uani: sabufa, Charge 4 na ile isiyo na jina, zote kwa waya kutoka simu moja. Flip mbili ziende mbele ya nyumba, kibarazani wanakokaa wanaume au wageni wanakopokelewa, zikiimba kutoka simu nyingine kwa sauti ya chini. Ukuta na vyumba vikiwa katikati, wa mbele hawatasikia kupishana. Na kama sabufa haipo na kwenye WhatsApp hakuna aliyejibu, basi kodini spika moja kubwa yenye stendi kwa saa zile za kucheza. Hela ya Flip 7 mnaweza kuitumia hapo, na itabaki.

Sasa suala la kuziweka, ambalo watu hulipuuza kuliko yote na ndilo linaloamua kama sherehe itapendeza. Tabia yetu ni kuzirundika spika zote meza moja mbele na kuzifungulia mpaka mwisho. Tazama hesabu yake. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Kuongeza spika ya pili inayofanana kando ya ile ya kwanza kunaongeza desibeli 3 hadi 6. Sikio linahitaji kama desibeli 10 ndipo liseme kelele zimekuwa mara mbili. Maana yake, aliye mita 2 kutoka kwenye rundo anaumia masikio na aliye mita 16 hasikii maneno, na kuongeza spika nyingine juu ya rundo hakumsaidii yule wa mbali. Kumsogezea spika moja ndogo karibu kunamsaidia papo hapo.

Basi zitawanye. Sabufa iwe karibu na anapokaa bibi harusi mtarajiwa na panapochezwa. Charge 4 iwe kama mita 8 hadi 10 kutoka hapo kando ya ukuta, na ya tatu mita 8 hadi 10 nyingine mbele yake, zote zikielekea upande mmoja na sabufa, si kutazamana nayo. Usivuke umbali huo kati ya jirani na jirani, kwa sababu hewa nayo huchelewesha: kila mita ni karibu milisekunde 3, na mita 10 tayari ni 29, bado tuko ndani ya ile mipaka ya Haas. Sauti ya zile mbili iwe chini, kiasi cha kumfikia aliyekaa karibu nazo tu. Jirani zako nje ya ua nao watapumua, maana sauti inabaki ilipo watu.

Zipandishe juu ya vichwa vya waliokaa. Miili ya watu na mabaibui hunyonya sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazobeba maneno ya wimbo. Lakini besi inapenda ukuta: spika ndogo ikiwekwa karibu na ukuta au pembeni kuta mbili zinapokutana, besi inanenepa bila kuongeza sauti. Flip na Charge zina vile visahani viwili vinavyotikisika kwenye ncha, kushoto na kulia. Zilaze, na ncha zote mbili ziwe wazi. Ukibana ncha moja ukutani au ukaisimamisha juu ya kitambaa, unaiziba pumzi ya besi. Na usizifungulie mpaka mwisho. Spika hizi zikifika juu kabisa hupunguza besi zenyewe ili zisijiumize, ndiyo maana Flip mbili kwenye asilimia 70 zinapendeza kuliko moja kwenye 100. Betri pia inadumu. Muda unaoandikwa kwenye boksi ni wa sauti ya wastani, ukipiga juu hesabu nusu au pungufu.

Simu inayopiga kwa Bluetooth kule kibarazani isikae mfukoni mwa mtu. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu, kwa kuwa una maji mengi, huyazuia masafa hayo. Ndani ya nyumba mawimbi yanadunda kwenye kuta na kupata njia nyingine; nje hayana pa kudundia, kwa hiyo kundi la watu likisimama kati ya simu na spika, wimbo unakatika. Iweke simu juu, karibu na Flip ile iliyoungwa nayo, na Flip ya pili isizidi mita 8 hivi na iwe inaonana na ya kwanza.

Kwa simu zote mbili: pakua nyimbo kabla, weka hali ya ndegeni, halafu washa Bluetooth peke yake kwa ile inayoihitaji. Usipofanya hivyo, shangazi atapiga simu kuuliza njia na mlio wake utasikika uani nzima katikati ya wimbo.

Maiki sikuulizwa lakini najua itahitajika, kuna dua, kuna somo wa bibi harusi atasema neno, kuna kutaja watakaotunza. Maiki isipite Bluetooth kabisa. Mtu akisikia sauti yake mwenyewe imechelewa kama sehemu ya tano ya sekunde, ulimi unamkwama, anaanza kusitasita hata kama ni msemaji hodari. Kama sabufa yenu ina tundu la maiki, itumieni hiyo, na anayezungumza asimame nyuma ya spika isije ikapiga mluzi.

Fanyeni jaribio siku moja kabla, hapo hapo uani, si chumbani. Chagua wimbo wenye makofi au dumbaki iliyo wazi. Simama katikati ya spika mbili, usikilize pigo moja tu. Likiwa "pa", sawa. Likiwa "pa-pa", moja kati yake imeingia kwa Bluetooth bila wewe kujua. Baadhi ya spika hurukia simu iliyowahi kuziunga mara tu zinapowashwa, kwa hiyo zime Bluetooth ya simu zilizo karibu. Kisha tembea ua mzima kama mgeni, kaa kila kona dakika moja, na ushushe ile inayozidi badala ya kupandisha nyingine.

Na kaka, akishikilia kununua spika kwa matumizi ya baadaye, si vibaya. Auracast ni hatua kubwa: badala ya simu kuongea na kifaa kimoja, kirushaji kinatangaza kama kituo cha redio na vipokezi vinajiunga bila idadi kuwekewa mpaka. Kiwango chenyewe ni cha wazi, jina lake lilitangazwa mwaka 2022. Ila anunue mbili za aina moja kwa pamoja, na azisikie zikiimba pamoja pale dukani kabla hajatoa hela. Akiuziwa Flip au Charge ambayo ina redio ya FM au pa kuchomeka memori kadi, aiache, kwa sababu Flip na Charge halisi hazina vitu hivyo. Afungue programu ya JBL Portable mbele ya muuzaji. Spika ya kweli itajitokeza humo na jina la toleo lake, na ya bandia haitaonekana.